Jinsi ya Kuzuru Bustani za Kale za Suzhou

Watu wetu wengi hufika mashariki mwa China: wengine kusoma katika vyuo vya Shanghai, Nanjing na Hangzhou, wengine kufunga mzigo katika masoko ya Yiwu. Wengi wao hurudi Dar es Salaam, Mombasa au Kampala bila kukanyaga Suzhou, ingawa mji huo uko kiasi cha kilomita 100 tu kutoka Shanghai na treni ya mwendokasi hufika huko kwa takriban nusu saa. Na katika wale wanaokwenda, wako wanaotoka katika bustani zake mashuhuri wakisema wameona bwawa, mawe na miti, basi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Safari yangu ya kwanza niliambatana na kundi la watalii lililopitishwa bustani nne kwa siku moja, na usiku ule, nikiangalia picha katika simu, sikuweza kutofautisha ya asubuhi na ya alasiri. Nimerudi mara kadhaa tangu hapo, na mwongozo huu nimeuandika ili mwenzangu asiipoteze siku yake kama nilivyoipoteza yangu.

Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba bustani hizi hazikutengenezwa ili mtu azipite akitazama. Zilitengenezwa ili mtu akae. Kila baraza, kila tundu la ukutani na kila kona ya daraja imewekwa mahali ambapo mjenzi alitaka usimame, ugeuze shingo, na uone kitu fulani kutoka upande fulani. Kazi ya mgeni ni kuzitafuta sehemu hizo za kusimama, na hatua zote zinazofuata zinaelekea huko.

Hatua ya kwanza: chagua bustani moja, au mbili zikizidi

Bustani tisa za Suzhou zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nne ziliandikishwa mwaka 1997 na tano zikaongezwa mwaka 2000. Zilikuwa mali za watu binafsi, hasa maofisa walioacha utumishi, wasomi na matajiri wa mji ulioneemeka kwa hariri na kwa biashara ya Mfereji Mkuu, njia ya kale ya maji ya China. Hapo ndipo zinapotofautiana na bustani za wafalme zilizoko Beijing, zenye mapaa ya manjano na nguzo nyekundu. Suzhou kuta ni nyeupe, vigae ni vya kijivu kilichokoza, mbao ni za kahawia, na rangi nyingine zote zimeachiwa mimea.

Mwenye siku mbili aanze na Wangshi Yuan, yaani Bustani ya Bwana wa Nyavu, jina linalomaanisha mvuvi. Asili yake ni karne ya 12, lakini jina hilo na sura iliyo nayo leo vilianza karne ya 18, ofisa mstaafu Song Zongyuan alipoijenga upya. Ni ndogo kuliko uwanja wa mpira, nyumba na bustani pamoja, na kwa sababu hiyo ndiyo mwalimu bora: kila hila ya wajenzi wa Suzhou imo, na zote zinaonekana kwa karibu. Siku ya pili aende Zhuozheng Yuan, iliyo kubwa mara kumi hivi, yenye hekta 5.2. Hiyo ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 16 na Wang Xiancheng, ofisa aliyeondoka serikalini bila kufika alikotaka, na mchoraji Wen Zhengming, aliyekuwa rafiki yake, aliichora katika picha 31 mwaka 1533. Jina lake limetokana na maneno ya msomi wa kale aliyesema kwamba kumwagilia bustani na kuuza mboga ndiyo siasa ya mtu asiyejua siasa. Inasimuliwa kwamba mwana wa Wang aliipoteza bustani nzima kwa kucheza kamari usiku mmoja.

Mwenye siku moja tu abadilishe mpango: Zhuozheng Yuan asubuhi na mapema kwa sababu ya umati, kisha Wangshi Yuan alasiri. Anayependa mawe aifikirie Liu Yuan. Anayesafiri na watoto awapeleke Shizilin, iliyoanzishwa na watawa wa Kibuddha mwaka 1342, ambayo mapango yake ya mawe ni tata kiasi kwamba watoto huweza kutafutana humo saa nzima. Anayetaka utulivu aende Canglang Ting, ambayo asili yake ni karne ya 11 na ndiyo kongwe kuliko zote tisa. Hiyo haikuficha maji ndani ya kuta, bali mfereji unapita nje, na mgeni huvuka daraja kabla hajafika langoni.

Hatua ya pili: chagua msimu na saa

Kuanzia Februari huchanua meihua, jamii ya mplamu unaotoa maua kabla ya majani, baridi ikiwa bado haijaisha. Aprili ni mwezi wa maua ya pioni. Kati ya mwishoni mwa Juni na Agosti yungiyungi hufunika mabwawa ya Zhuozheng Yuan, lakini joto huweza kupita nyuzi 35 na hewa huwa nzito kama ya Dar es Salaam mwezi Februari. Mwishoni mwa Septemba na Oktoba hunukia guihua, mti wenye vijiua vidogo vya manjano ambao harufu yake hukufikia kabla hujauona, na mtu wa pwani hawezi kuunusa bila kukumbuka asumini. Kwa maoni yangu mwanzo wa Novemba ndio wakati ulio bora kuliko wote: joto limepungua, majani yanageuka rangi, na sikukuu zimepita.

Sikukuu ni za kuepukwa kabisa. Siku saba za mwanzo wa Oktoba, siku za mwanzo wa Mei na majuma ya Mwaka Mpya wa Kichina, China nzima huwa safarini, na katika njia nyembamba za bustani utasukumwa na umati bila kupata nafasi ya kusimama. Siku za kawaida, fika lango linapofunguliwa, kwenye saa moja na nusu asubuhi. Makundi yenye bendera na vipaza sauti huanza kuingia kwenye saa tatu, kwa hiyo unayo saa moja na nusu ya amani. Wala usiiahirishe ziara kwa sababu ya mvua. Sababu yake nitaieleza mbele.

Hatua ya tatu: tiketi, pasipoti na treni

Zhuozheng Yuan huhitaji kuwekewa nafasi kabla ya siku yenyewe kwa jina na namba ya pasipoti, na njia ya kawaida ni kupitia WeChat, programu ya simu ya Wachina ya mawasiliano na malipo. Bei hupanda katika miezi yenye wageni wengi. Chukua pasipoti yenyewe wala si nakala, kwa maana hiyo ndiyo inayokaguliwa langoni na pia stesheni. Malipo karibu yote hufanywa kwa simu. Kadi za benki za kigeni za Visa au Mastercard zinaweza kuunganishwa na Alipay au WeChat, na shughuli hiyo uimalize mapema ukiwa na mtandao mzuri. Google na WhatsApp zimefungwa nchini humo, kwa hiyo weka ramani katika simu kabla ya kuondoka, na uandike majina ya bustani kwa Kichina uwe unayaonyesha madereva wa teksi: 网师园 ni Wangshi Yuan, na 拙政园 ni Zhuozheng Yuan.

Katika kununua tiketi ya treni kuna mtego mmoja. China ina miji miwili ambayo kwa herufi zetu yote huandikwa Suzhou. Unaoutaka huandikwa 苏州 na uko jimbo la Jiangsu. Mwingine, 宿州, uko jimbo la Anhui, mbali sana. Linganisha maandishi ya Kichina kabla ya kulipa. Angalia pia usishukie Suzhoubei, stesheni ya kaskazini, iliyo mbali na mji wa kale, iwapo treni inayokwenda stesheni kuu inapatikana.

Kutoka stesheni kuu panda metro ya Laini namba 4 ushuke kituo kinachofuata kuelekea kusini, kiitwacho Beisita. Hapo utakuta mnara wa hekalu wenye ghorofa tisa na kimo cha mita 76. Upite taratibu, uutazame vizuri, uikariri sura yake, kisha uendelee kwa miguu kuelekea mashariki mpaka Zhuozheng Yuan, kiasi cha kilomita moja. Mnara huo utakutana nao tena.

Hatua ya nne: ingia kama anavyoingia mgeni wa nyumba

Wangshi Yuan ina mlango katika kichochoro, na mgeni anayetarajia lango kubwa huweza kuupita bila kuujua. Hilo si kosa la ujenzi. Waswahili husema macho hayana pazia, na wajenzi wa Suzhou ni kama walioliona tatizo hilo wakayatengenezea macho mapazia ya matofali. Kwanza unapita chumba ambamo machela za wageni zilikuwa zikiwekwa, kisha ua mdogo, kisha ukumbi wa kupokea wageni, kisha ua mwingine, kisha ghorofa ya wanawake wa nyumba. Na muda wote huo bustani haijaonekana hata jani. Aliyeingia katika nyumba za mawe za Lamu atauelewa utaratibu huu upesi: huko nako mtu hutoka daka, kibaraza cha mlangoni, akaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, akapinda kona ili macho ya barabarani yasimfuate, akafika kiwandani, yaani uani, na vyumba vya mbele zaidi, msana na ndani, vikabaki kwa wenye nyumba. Kadiri ulivyokuwa karibu na familia ndivyo ulivyoruhusiwa kwenda mbele. Suzhou, aliyekaribishwa mpaka majini alikuwa rafiki wa kweli.

Kabla ya ukumbi wa wageni, geuka nyuma utazame juu ya lango ulilolipita. Limepambwa kwa matofali yaliyochongwa vijitu, nyumba na miti kwa udogo unaohitaji kukodoa macho, na wageni wengi hawalioni kwa sababu nakshi ziko upande wa ndani, anapotazama mwenyeji.

Hatua ya tano: keti kando ya maji, dakika thelathini

Ukitoka nyumbani kwa mlango wa pembeni unatokea ghafla kwenye bwawa. Usilizunguke kwanza. Upande wa magharibi kuna kibanda cha kupumzikia kisicho na kuta, chenye paa la pembe sita lililochomoza juu ya maji. Wachina hukiita kibanda cha namna hii ting, na hiki jina lake linasema mwezi umefika na upepo umekuja. Keti hapo, na simu uiweke mfukoni.

Bwawa lenyewe lina mita za mraba mia nne na kitu, lakini halionekani dogo, na inafaa kujiuliza kwa nini. Tazama katikati: hakuna kisiwa, hakuna yungiyungi, ni maji matupu yanayobeba mbingu. Tazama kingo: mawe yamewekwa yakining'inia juu ya maji, na chini yake kuna giza, hivyo jicho haliwezi kusema maji yameishia wapi, yanaonekana kama yanaendelea chini ya ardhi. Tazama pembe ya kusini-mashariki: maji yanaingia katika mfereji mwembamba ulioachwa kama mdomo wa kijito, na juu yake kuna daraja la mawe la upinde ambalo watu hulivuka kwa hatua tatu. Udogo wa daraja hilo ndio unaolikuza bwawa. Majengo yaliyo karibu na maji ni mafupi na mepesi, na kumbi kubwa zimerudishwa nyuma ya mawe na miti zisije zikayameza maji kwa ukubwa wake. Ukishayaona hayo, geuka nyuma yako: ndani ya ting kuna kioo kikubwa ukutani. Usiku wa mbalamwezi aliyekaa hapa huona mwezi mmoja angani, wa pili majini na wa tatu katika kioo.

Katika miezi ya joto bustani hii hufunguliwa tena usiku kwa tiketi ya peke yake, na wageni hupita ukumbi hadi ukumbi wakisikiliza vipande vifupi vya muziki, pamoja na opera ya Kunqu iliyozaliwa Kunshan, jirani na hapo. Hata asiyejua neno la Kichina asiache kwenda, maana taa ni chache, sauti inakuja ikipita juu ya maji, na ndipo unapofahamu kwamba bwawa lilijengwa kwa ajili ya masikio pia.

Kabla ya kutoka, ingia ua wa kaskazini-magharibi uitwao Dianchun Yi, uliokuwa wa maua ya pioni. Ndani ya chumba chake cha kusomea, ukutani nyuma, kuna madirisha matatu. Simama katikati ya chumba uyatazame bila kuyasogelea: katika kila fremu kuna mwanzi, jiwe au tawi mbele ya ukuta mweupe, kana kwamba mtu ametundika picha tatu. Nilipouliza zilichorwa na nani, mlinzi alitabasamu, akaniashiria nisogee, na upepo ukatikisa jani ndani ya picha.

Hatua ya sita: soma madirisha na sakafu

Katika njia ndefu zilizoezekwa, zinazokuwezesha kuzunguka bustani bila kulowa, kuta zimetobolewa madirisha ya nakshi za vigae na chokaa. Canglang Ting peke yake inatajwa kuwa na michoro 108 isiyojirudia. Mgeni wa haraka huyapiga picha kama urembo. Fanya hivi badala yake: tembea polepole sana, uso umeelekea mbele, na kitu kilicho upande wa pili ukione kwa pembe ya jicho tu. Utaona jani, halafu ukuta, halafu maji, halafu ukuta, halafu mtu akipita kwa mbali. Na mahali palipo pembeni yako, ambapo ungepavuka kwa hatua ishirini, patakuwa kama nchi nyingine.

Kisha inamisha kichwa. Sakafu za nyua zimechorwa kwa kokoto, vigae vilivyosimamishwa kwa ukingo wake, na vipande vya vyombo vilivyovunjika. Utakuta ndege korongo, ishara ya umri mrefu, na utakuta popo mara kwa mara, mabawa wazi, katikati ya ua wa watu waungwana. Popo kwa Kichina ni fu, na neno linalotamkwa hivyo hivyo lina maana ya heri, basi anayevuka ua anakanyaga heri kwa kila hatua. Nilipochuchumaa kutazama popo mmoja kwa karibu niliona kwamba bawa lake limejazwa vigae vya kauri vya buluu na nyeupe, vile vile ninavyovifahamu kutoka pwani yetu, ambako mabakuli ya China yalipachikwa katika nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui. Huu si mfanano wa bahati tu. Merikebu za Zheng He, jemadari wa bahari wa China, zilizofika Malindi mwanzoni mwa karne ya 15 zilikusanyika kwanza katika bandari ya Liujiagang, ambayo leo iko Taicang, chini ya utawala wa mji wa Suzhou.

Hatua ya saba: jifunze kulitazama jiwe

Hapa ndipo wageni wengi hukata tamaa. Mawe yanayothaminiwa kuliko yote hutoka Ziwa Tai, magharibi mwa mji. Ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji mpaka yakatoboka. Wajuzi wa China huyapima kwa sifa nne: liwe jembamba na lililosimama wima, liwe na mikunjo, liwe na mianya ambayo maji yanaweza kuchuruzika kutoka juu hadi chini, na liwe na matundu ambayo mwanga hupenya kutoka upande hadi upande. Mtu aliyekulia Unguja au Mtwara ana faida, kwa sababu ameshaona mwamba wa matumbawe ufukoni uliochimbwa na bahari chini na kuachwa mpana juu, na bila shaka alipokuwa mtoto aliona ndani yake ngamia au kichwa cha mzee. Tazama jiwe la Suzhou kwa jicho lile lile la utotoni. Linasimama badala ya mlima: msomi ambaye kazi au uzee vilimzuia kupanda milima aliuleta mlima uani.

Jiwe kuu la namna hii liko Liu Yuan, linaitwa Guanyun Feng, lina kimo cha mita 6.5, na mbele yake kuna kidimbwi cha kukipokea kivuli chake. Lizunguke lote. Sehemu yake ya juu hubadilika kwa kila hatua tano.

Hatua ya nane: Zhuozheng Yuan, mahali pa kusimama

Lango la wageni linaingilia upande wa mashariki, wenye nyasi na nafasi pana. Usiumalizie nguvu zako huko. Nenda moja kwa moja hadi ukuta mrefu unaogawa bustani, uvuke mlango, na mara tu ukiingia sehemu ya kati simama karibu na ting iliyoegemea ukuta huo, uelekee magharibi. Mbele yako maji yanaenda mbali kati ya miti, na mwisho kabisa, juu ya majani, umesimama mnara wa Beisita ulioupita asubuhi. Haumo ndani ya bustani. Uko kilomita moja nje yake. Wachina huita jambo hili jiejing, kuazima mandhari, na Ji Cheng, fundi wa bustani aliyeandika mwongozo wa kazi hiyo mwaka 1631, aliliweka miongoni mwa mambo makuu ya ufundi wake. Asubuhi jua liko mgongoni kwako na mnara unang'aa. Alasiri utauona kama kivuli tu.

Kutoka hapo fuata maji. Ukumbi wa Yuanxiang Tang hauna kuta, una madirisha pande zote nne, na jina lake linataja harufu ya yungiyungi inayotoka mbali. Daraja lililoezekwa liitwalo Xiao Feihong litazamwe kutoka pembeni, siyo kutoka juu yake, kwa kuwa reli zake nyekundu zilikusudiwa kuonekana zikicheza majini. Katika sehemu ya magharibi kuna ting yenye umbo la upepeo: meza, dirisha na baraza vyote vimekatwa kwa umbo hilo. Jina lake ni swali, nikae na nani, na jibu lake liko katika maneno ya mshairi Su Shi aliyesema kuwa wenzake ni mwezi, upepo na nafsi yake. Ina nafasi ya watu wachache sana, nayo ni haki yake.

Sasa niirejee mvua. Katika sehemu ya kati, nyuma ya vilima vidogo vya kusini, kuna ua uitwao Tingyu Xuan, chumba cha kusikilizia mvua. Nje ya madirisha yake imepandwa migomba. Haikupandwa kwa ajili ya ndizi, maana mgomba wa huko hauzai ndizi za kuliwa; ilipandwa kwa ajili ya sauti ya mvua juu ya majani yake. Mtu wa Bukoba, wa Kilimanjaro au wa Buganda ana bahati hapa, kwa kuwa anakuja na masikio yaliyokwisha kufunzwa. Nilifika chumba hicho siku ya mvua ya Novemba, watu wakikimbilia getini, nikabaki na mzee mmoja aliyekuwa amefumba macho. Juu ya migomba tone lilikuwa zito, kama ngoma iliyolegea ngozi. Juu ya mianzi ilikuwa mnong'ono tu. Na kutoka kwenye kidimbwi ilikuja sauti ya tatu, kavu, ya mvua juu ya majani ya yungiyungi yaliyokufa, ambayo yalikuwa bado hayajaondolewa majini. Yule mzee aliniona nimeegemeza sikio, akasogea akanipa nafasi dirishani, wala hatukuzungumza.

Hatua ya tisa: adabu na mahitaji madogo

Vuka vizingiti vya mbao kwa kuinua mguu, usivikanyage. Mawe ya bustani hayapandwi, isipokuwa pale njia ilipotengenezwa. Mgeni mweusi atatazamwa, na pengine ataombwa picha, mara nyingi kwa nia njema. Ukiwa tayari simama nao, na usipotaka sema bu yao, xiexie, yaani sitaki, asante, nao wataelewa. Mwislamu anayetafuta chakula cha halali atafute maandishi 清真 juu ya milango ya mikahawa ya tambi. Beba karatasi za chooni. Ukipata nafasi katika nyumba ya chai agiza Biluochun, chai ya kijani inayolimwa vilima vya Ziwa Tai. Huletwa katika bilauri ya kioo, na raha yake ya kwanza ni kuyatazama majani yakizama.

Kwa walio mbali na China

Ndugu walioko Amerika ya Kaskazini wanaweza kuzitumia hatua hizi karibu na nyumbani. Ule ua wa Dianchun Yi ulinakiliwa ndani ya Metropolitan Museum of Art, New York, ukafunguliwa mwaka 1981. Mafundi kutoka Suzhou walijenga pia bustani ya Dr. Sun Yat-Sen huko Vancouver, iliyofunguliwa mwaka 1986, na Lan Su huko Portland, iliyofunguliwa mwaka 2000. Ua wa New York uko chini ya paa, basi utazamwe madirisha na mawe. Vancouver na Portland ni miji ya mvua. Aliyeko huko asisubiri jua litoke, achukue mwavuli aende siku ile ile watu wengine wanapoahirisha, atafute baraza lililo karibu na majani mapana, akae.